Kamera Tupu

Shangazi Lamara hupiga picha mara mbili.
Mara ya kwanza kwa kamera kubwa, nyeusi,
yenye mkanda wa ngozi na lenzi kama jicho la ng'ombe,
na ndani yake hamna filamu hata ya dawa.

"Kaa sawa. Nyoosha shingo. Moja, mbili..."
Watu wa Kutaisi hutunisha vifua,
huyakumbuka meno yao ya dhahabu,
huyaficha au huyaanika, kila mtu na hesabu yake.
Kacha!
Basi, husema, ahsante, tumemaliza.

Hapo ndipo uso unaposhuka,
kama mtu anayevua viatu vilivyombana tangu asubuhi.
Mabega yanarudi kwao.
Na ile kamera ndogo iliyolala kiunoni mwake
kama kibeti cha sarafu
inameza.
Haina mlio. Nimeitegea sikio miaka mitatu.

Oktoba tulipewa ukumbi:
kiwanda cha hariri kilichofungwa kabla sijazaliwa,
kuta zenye ukurutu, dirisha moja halina kioo.
Nikapigilia misumari arobaini na mmoja,
kidole gumba kikavimba kama kitunguu.
Shangazi alikataa vibandiko vya majina.
"Anayemjua atamjua. Asiyemjua amtazame."
Akakataa fremu za kung'aa alizoletewa na diwani,
akataka picha zikae chini, usawa wa kifua changu,
ili hata diwani ainame.

Nodari, mwalimu wa fizikia, anajikuna sikio.
Bibi harusi anapapasa kwa mguu
kiatu kilichokimbilia chini ya meza.
Watu walicheka sana,
kila mmoja kwa picha ya mwenzake.

Akaingia Avtandil, mwoka mikate,
unga ungali kwenye nyusi.
Alizipita ishirini na nane kwa mwendo wa mtu mwenye tanuri la moto,
ya ishirini na tisa ikamkwamisha.
Guliko, mkewe.
Tulimzika Februari, theluji ikitufika magotini.
Pichani anatazama pembeni, mdomo wazi kidogo,
mkono umeshika kitasa cha mlango,
kama aliyesahau alichofuata chumbani.

"Naitaka ile nyingine," akasema. "Ile aliyocheka.
Nilikuwepo. Alipaka rangi ya mdomo. Nilimsikia."

Shangazi ana majibu ya kila kitu,
hata ya maswali ya polisi. Hili halikuwa nalo.
Akaenda nyuma ya pazia, akaileta kamera kubwa,
akaufungua mgongo wake mbele ya mwoka mikate:
vumbi, springi moja, giza la ukubwa wa kiberiti.
"Haikuwa na filamu," alisema.
"Haijawahi kuwa nayo."

Nikadhani atamzaba kofi. Nikaishika nyundo,
sijui kwa nini.

Avtandil alichungulia humo ndani,
akachungulia kama anavyochungulia tanuri
kujua mkate upi umeiva na upi bado,
kisha akaitungua picha ukutani, hakuuliza bei,
akaiviringishia gazeti alilofungia mikate
na kutoka nayo kwapani.

Tukabaki na msumari.
Nilitaka kuung'oa, shangazi akanishika mkono.
Siku tisa zilizobaki watu walisimama pale
muda mrefu kuliko penye picha.
Mgeni mmoja aliuliza unauzwa kiasi gani.
Hasi ya Guliko ninayo mimi, kwenye kopo la biskuti;
sijaambiwa niifanyie nini.

Siku ya kufunga niliomba na mimi nipigwe.
Kamera kubwa ikalia kacha, nikaiacha ipite,
naijua.
Nikasubiri ya pili.
Nikasubiri, nikijifanya sisubiri,
nikitazama dirisha lisilo kioo,
mabega yamegoma kushuka.

Alinitazama hadi mvua ikaanza.
"Wewe unajua mno," akasema.
"Njoo unishikie ngazi."