Robo

Daktari Usai alitamka "robo" kwa sauti ya chini,
kama mtu anayeagiza jibini.

Mimi ndiye mkata jibini, Bachisio. Miaka kumi na mitatu
katika duka la baba yake Priamo, hapa Oliena,
na robo naijua: kisu hushuka bila kusitasita,
mizani hufuata tu kuniunga mkono.
Lakini robo hii haikatiki.
Mtoto hatakuwa mgonjwa robo.
Atakuwa wewe mzima
(neno gani hili, mzima!)
au hatakuwa wewe hata kidogo.

Mimi na Priamo tumebeba dosari ileile,
haituumi popote.
Nani huulizana habari za damu harusini kwa watu,
mdomo umejaa nyama, zumari inalia?

Nakumbuka Alhamisi zako za Nuoro,
mfuko mwekundu ukining'inia juu yako,
mimi chini ya kitanda nikihesabu viatu vya wauguzi.
Nakumbuka ile pampu usiku, ng'ambo ya ukuta,
ikinguruma taratibu, ikikuchuja chuma.
Ilipozimwa ndipo niliposhtuka usingizini.

Kipimo kilikuwapo mwaka ule wa mimba yako.
Mama husema basi halikuja.
Hakuna aliyewahi kumuuliza basi lipi.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata ya leo ni sindano, ndefu kama ya kushonea magunia,
na mtungi ni mimi, wiki ya kumi na moja,
nachukia harufu ya duka langu mwenyewe.
Nikijua, nitafanya nini na kujua?
Nisipojua, nitakata vipande gani kesho,
kwa mkono upi?

Sikukuuliza. Wewe ndiye uliyeuliza:
"Miadi saa ngapi?" ukatoa gari.
Njiani ukanichekesha, kwamba ndani yako wamo
wachungaji, masista, na polisi mmoja,
maana tangu mfuko wa mwezi jana
hujaegesha gari vibaya.
Kisha, penye kona ya kiwanda cha saruji,
bila kunitazama:
"Ukipima, hunipimi mimi."
Nikasema ndiyo.
Sikuwa na hakika, na wewe ulijua.

Lifti. Wewe ghorofa ya pili, kwenye damu yako.
Mimi ya nne.
Mlango ulipofunguka hukutoka mara moja,
uliuzuia kwa mguu hadi ukaanza kupiga kelele,
na mama mmoja mwenye maua akaguna.
Ukanivua skafu, ukaikunja, ukaitia mfukoni mwako.
"Huko juu kuna joto," ukasema.

Karatasi ilikuwa mkononi, mstari wa sahihi mtupu.
Saa ya ukutani ilinipa robo saa.