Kumi na Mbili Nukta Tano

Urho, nimeing'oa.
Usinipigie simu kutoka mgodini kuniuliza kwa nini.
Spana ya ishirini na mbili iliteleza mara mbili,
ngozi ya kidole gumba ikabaki kwenye bomba la ekzosi,
na huko nje Suomussalmi nzima imeganda,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
hata mbwa wa Lahja amegoma kutoka kukojoa.

Sensa yako ilikuwa na adabu sana.
Kila ulipoiuliza ilijibu vilevile:
kumi na mbili nukta tano,
sehemu kumi na mbili na nusu za hewa kwa moja ya petroli,
salama, kaka, kanyaga.
Nawe ukakanyaga.
Machi ile, juu ya barafu ya ziwa, mzunguko wa sita,
turbo ikipiga mluzi,
injini ilikuwa inakufa njaa
na sensa imeketi kooni mwake
inatuambia imeshiba.

Pistoni ya tatu iko dirishani.
Mama amechomeka mshumaa katika tundu lake.
Anasema ni kinara kizuri kuliko vile vya kanisani.

Sikulaumu.
Uongo wa kelele tungeukamata siku ileile.
Huu ulikuja polepole, nukta kwa nukta,
kama saa ya ukutani inayochelewa dakika moja kwa wiki
mpaka siku unafika kituoni, basi limekwenda,
na bado unaigombeza ratiba.
Ulitakiwa uitoe kila mwezi, uionjeshe hewa tupu,
uikumbushe oksijeni ya bure ina ladha gani.
Ukasema kesho.

Hii mpya imekuja kwa posta
katika kisanduku kama cha dawa ya meno.
Nyaya tano. Bei ya matairi mawili.
Nimeuza skii zangu, zile za bluu, usimwambie Mama.
Haidai kuonjeshwa hewa kila mara;
imetoka kiwandani na kipimo chake
kimefichwa ndani ya plagi, kama jina ndani ya pete.

Nimetoboa tundu jipya juu kidogo, ubavuni,
ikae imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni,
maji ya moshi yasiituamie.
Kauri yake ikishapata moto, tone moja tu, pwaa,
imepasuka.
Kwa hiyo nawasha injini na hita yake naiacha imezimwa.
Bomba linatema maji. Linatema ukungu.
Linatema maji tena.
Nimesimama na swichi mkononi, sibonyezi.
Hili hukuliweza kamwe, Urho,
kusimama karibu na kitu kinachonguruma
bila kukigusa.

Baadaye tukaenda barabara ya kinu cha mbao,
Lahja kando yangu, kompyuta magotini, glovu ameziuma mdomoni.
Gia ya tatu, nikakanyaga mpaka chini.
Akatema glovu. Kumi na tatu nukta sita, akasema.
Akarudia, sauti imeshuka.
Nikaachia pedeli.
Gari likateleza lenyewe katikati ya misonobari,
na hakuna kati yetu aliyetaka kusema
kwamba tulishinda mara nne msimu ule
kwa namba hiyohiyo.

Tumeongeza petroli kijiko kwa kijiko mpaka saa saba usiku.
Moshi umekuwa mzito kidogo, unanuka vizuri.
Plagi nimezitoa, rangi yake ya mkate ulioiva.
Jumamosi nitaendesha mimi.

Na ukapiga, bila shaka.
Hukuuliza habari ya bomba, wala ya fedha.
Nyuma yako mashine fulani ilikuwa inasaga mawe.
"Ile ya zamani," ukasema, "umeitupa?"
Nimeitupa, nikajibu, haraka, kwa utulivu kabisa.

Iko mfukoni mwa koti langu,
nyeusi upande mmoja.
Nikitembea inagongana na funguo.