Daftari la Nauli

Mama yangu, Damari Chilongani, ana daftari la shule,
jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha,
nalo hulificha chini ya debe la uwele
kana kwamba mimi ni mwizi wa hesabu.
Leo ameenda kupogoa mizabibu ya watu, Hombolo Bwawani.
Nimelifungua.

"Juni. Nauli ya wawili, elfu sita, kwenda tu.
Kurudi tutajua huko huko."
"Julai. Nimeuza tetea mwekundu. Vidonge vya Yeremia,
halopelido, dirishani hakuna,
duka la ng'ambo ya barabara vipo."
Karatasi ya msamaha ameibandika hapo kwa uji,
muhuri wa ustawi wa jamii, na neno BURE.
Bure yetu ina bei.
Bure yetu huamka saa tisa usiku,
hushinda kwenye benchi na kiazi kimoja mfukoni.

"Agosti. Mbuzi."
Basi. Mbuzi yupi, namjua,
mwenye doa jeupe sikioni.
Mama aliniambia amepotelea porini,
na mimi nikazunguka porini siku mbili nikimwita.

Septemba, ukurasa mtupu.
Oktoba, mtupu.
Novemba, mstari mmoja:
"Kamba ya katani, mita nne. Mungu anisamehe."

Alama ipo bado, juu ya kifundo cha mkono,
ngozi laini kama ya mtu mwingine.
Siku zote nilidhani ile kamba ni ya kisimani.
Sikujua ilinunuliwa,
kwamba mtu aliipima dukani kwa rula ya mbao
na mama amesimama, anasubiri chenji.

Majirani walichungulia dirishani, wakasema, mpelekeni Mirembe,
wakacheka.
Jina la hospitali tumelifanya tusi,
mtoto akimwaga maziwa tunamtajia,
halafu tunashangaa mgonjwa akigoma kushuka getini.
Hakuna aliyesema: mpelekeni, na nauli hii hapa.

Nafungua tena.
"Februari. Nesi Peresi amekuja na pikipiki,
anatibu zahanati ya hapa hapa. Nauli:"
na hapo amechora sifuri,
akaizungushia tena, na tena,
mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nesi Peresi hakuanza na sauti ninazosikia.
Aliuliza nalala saa ngapi.
Aliuliza jana nilikula nini, nikasema mlenda,
akauliza, una karanga au hauna?
Una karanga, nikasema.
Tangu Agosti sikuwa nimeulizwa swali
ambalo jibu lake ninalo.

"Machi. Nesi amekuja, sanduku halina halopelido.
Kasema Jumatano."
"Jumatano. Bado. Kalia yeye, si mimi."
"Ijumaa. Duka la mjini, nimemwagiza kondakta. Nimeuza"
na sentensi imekatika hapo.

Nimehesabu kuku, sita.
Godoro lipo. Jembe lipo, na sufuria la harusi.
Nimezunguka nyumba kama mbwa aliyehamishwa
nikitafuta kilichopungua,
kumbe nilikuwa nakisikia:
redio.
Wiki nzima nimefurahia utulivu wa nyumba hii,
nikamsifia mama vidonge, nikasema vinafanya kazi,
naye akaitikia, "Eeh, mwanangu, vinafanya,"
akageuka kupuliza moto.

Na vinafanya kweli. Hilo nalo liandikwe.

Jedwali la nyuma linaishia kumi na mbili mara kumi na mbili.
Miezi ya mwaka mmoja imo.
Mwaka wa pili haumo.

Nimechukua kalamu,
chini ya mwandiko wake nimeongeza:
"Jumamosi. Yeremia kapogoa mistari minne, kalipwa."
Leo ni Alhamisi tu.
Mkasi sijaushika tangu mwaka juzi,
na mwenye shamba bado hajaulizwa kama atanipokea.
Lakini nimeandika kwa wino,
nikalirudisha daftari chini ya debe,
jalada juu, pembe moja ikichungulia nje,
ili ajue.