Bua Kavu Hulia

Velika, umenipigia simu toka Sofia
kuniambia chubritsa yangu inanuka nyasi.
Nyasi! Mimi niliyekulea kwa maharage
ambayo harufu yake ilimtoa Rusa kwake, nyumba ya tano,
akija eti kuazima chumvi.

Haya, sikiliza. Kaa kitako, zima hiyo redio.

Uliitia kwenye nini?
Usiniambie mfuko wa nailoni.
Nailoni ni mdaku: husikia harufu ya jani
halafu huigawa kabati zima,
hadi sukari nayo ijue siri za bustani yangu.

Na ule mkebe wa biskuti wenye picha ya farasi
ni wa vifungo na nyuzi, basi.
Kifuniko chake kimekaa kama kofia ya mlevi.
Baba yako anautetea.
Baba yako hutetea kila kitu chenye farasi.

Chukua chupa ya kioo. Si kubwa.
Kubwa, ukiifungulia kijiko kimoja,
umeshaialika hewa kwenye vijiko mia.
Chukua ndogo tatu, nne, uzijaze pomoni,
hewa ikose pa kukaa,
na ukimaliza moja ndipo umguse dada yake.

Nusa kifuniko kabla ya chupa.
Kama kiliwahi kufunika matango ya siki
kitakumbuka. Kichemshe, kianike, bado kitakumbuka.

Kisha pete ya mpira. Ibinye.
Ikikatika kama ukoko, tupa.
Wala usiniamini mimi: tia maji, funga,
ipindue juu ya gazeti kavu,
nenda ukafue, rudi.
Ukikuta doa, hata la ukubwa wa dengu,
hiyo si chupa, ni kichungi.

Usiiweke dirishani. Najua inapendeza,
kijani kile, na jua la asubuhi likipita.
Jua hula rangi kwanza, halafu hurudia harufu.
Wala juu ya jiko, mvuke unapopanda.
Chini ya ngazi, penye viatu vya theluji,
gizani, baridini, pasipopendwa na mtu: pale.

Na usiyasage. Yaache majani na umbo lake,
uyafikiche kwa viganja juu ya sufuria
maharage yakishaiva, si kabla ya...

Nini?

Chupa ndogo, unasema. Pete mpya.
Kabatini, gizani.
Na ulipoitazama siku ya pili
kioo kilikuwa kinatoka jasho kwa ndani.

Ngoja, nikaepue sufuria.

(Hakuna sufuria. Nimesimama tu.)

Mwezi wa nane, Velika. Jumapili ile.
Basi la Smolyan huondoka saa nane mchana
nawe ulikuwa umeshafunga mkoba.
Nilipanda darini. Mashada yalikuwa na siku tano,
na usiku wake ilinyesha.
Nikashika bua, nikalipinda.
Bua kavu hulia: ta, kama kijiti cha kiberiti.
Lile lilijikunja tu, kimya.
Nami nikapukuchua, nikashindilia mfuko wa karatasi,
kwa kuwa sikutaka uondoke mikono mitupu.

Chupa yako haina kosa.
Chupa nzuri ni mlinzi asiyeuliza:
ukimkabidhi ukavu, atalinda ukavu;
ukimkabidhi unyevu, ataulinda
kwa uaminifu uleule.

Imwage. Osha chupa, iache wazi siku mbili.

Usikate. Napanda na simu.
Ngazi kumi na mbili, goti langu linazihesabu.
Haya hapa mashada ya mkato wa pili,
kichwa chini, wiki tatu bila mvua.
Safari hii sivunji peke yangu.
Tega sikio.

Ta.

Umesikia?
Hilo ni moja. Subiri, nijaribu na la katikati,
huko ndiko unyevu hujificha.