Kidole cha Mwisho

Kabla ya mnara tulikuwa na jiwe.
Pale Igombe, nyuma ya mwalo wa dagaa,
jiwe juu ya jiwe, kama Mwanza yote ilivyo,
na la juu kabisa tuliliita Haloo.
Ukitaka mtandao unavua ndala, unapanda,
unasimama kwenye alama ya chokaa, unageukia Ukerewe,
mkono mmoja sikioni, mwingine hewani
kama shahidi anayeapishwa.
Bwire alikuwa na kona yake, mwalimu Nyangeta ya kwake.
Siri haikuwepo. Tulijua nani anadaiwa Geita,
nani kaachwa, nani anaapa yuko Nansio
na huku tunamwona visigino.

Mimi nilikaa chini, vocha ndani ya kopo la maziwa,
nikiwakwangulia wasioona vizuri,
nikisoma tarakimu kwa sauti, nne nne,
na jiwe zima linanyamaza.

Kisha wakaja mafundi na lori la vyuma.
Wakakodi kipande cha shamba la Lubango;
mpaka leo analima mihogo hadi kwenye uzio,
anasema mnara ni mpangaji mzuri, haunywi pombe.
Siku ulipowashwa simu ziliita mifukoni, vikapuni, chini ya mito,
ujumbe wa siku tano ukaanguka kwa mkupuo:
pole ya msiba, mwaliko wa harusi iliyokwisha,
na "nipo stendi Nyegezi, njoo unipokee",
mtumaji mwenyewe yuko sebuleni, anakula.

Jiwe likabaki la mbuzi.

Kampuni ikakua. Kwanza sauti, halafu pesa,
halafu umeme, ada za shule, mikopo ya kulala nayo usiku mmoja.
Nikapewa kibanda, mwavuli, fulana mbili
na lengo la kuandikisha linalopanda
kama lawama za mtoto wa kambo: kila mwezi.
"Tumevuka mamilioni," alisema meneja wa kanda
kwenye semina Kirumba, akibonyeza picha ukutani.
Nikahesabu wangu: mia tatu na kumi na mmoja,
ukitoa waliokufa.

Wa mia tatu na kumi na mbili alikuja Jumanne.
Mbuke. Miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha minofu:
kisu, barafu, sangara, barafu.
Mshahara wake ulipitia laini ya shemeji
na kila mwezi ulipungua njiani
bila tozo ya serikali wala makato ya kampuni.
"Nataka yangu," akasema, akaweka kitambulisho mezani.

Dole gumba. Mashine: haisomeki.
Cha shahada: haisomeki.
Nikafuta kioo kwa fulana, nikamulika kidole kwa tochi.
Ngozi ilikuwa tupu, inang'aa, kama kipande cha sabuni
kilichobaki bafuni.
Mistari yake ilishakwenda Ulaya,
ndani ya makasha, pamoja na minofu.

Foleni ikaguna. Mmoja akasema, mama, tuma mtoto wako.
Mbuke hakugeuka. Alileta kimoja kimoja
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Tisa.
Cha kumi, kidole kidogo cha kushoto,
kile kisichoshika kisu wala samaki,
kilichokaa pembeni miaka yote kikiangalia wenzake,
kikasoma.

*Ndugu mteja, karibu.*
Akaniomba nirudie.
"Ndugu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeonja chumvi. "Ndugu."
Akachagua namba ya siri
amenipa mgongo, mgongo wote.

Alhamisi, kabla ya jua, nilimkuta barabarani
akisubiri gari la kiwanda.
Kidole kile amekizungushia kitambaa, fundo mbili.
Nikamuuliza: umejikata?
"Hapana," akasema. "Nakitunza."