Sehemu ya Saba

Fomu huuliza, nami karani wa misheni sina budi kujibu
kwa herufi kubwa, wino mweusi, bila kufutafuta.
JINA KAMILI. Nikaandika Wilhelmus Petrus, na la tatu
lenye konsonanti zilizobanana kama kuni mzigoni.
Hapa Shinyalu hakuna alijuaye. Hapa ni Bruda Wimu.

KAZI ATAKAYOFANYA.
Kuhubiri, nikaandika, maana kibali hiki ni cha wahubiri,
ingawa Bruda akishika mimbari watu husinzia
na Mama Khasoa huanza kuchambua mrenda wa jioni akilini.
Fomu imeacha mstari mmoja.
Haukutosha pampu ya kisima anayoifungua kila kiangazi,
haukutosha majeneza: hupima kwa kamba,
na likiwa la mtoto
huomba tumwache peke yake karakanani.

MUDA ALIOKAA NCHINI.
Miaka thelathini na minne.
Vibali kumi na saba vya miaka miwili miwili.
Amekuwa mgeni mara kumi na saba.

Lakini sehemu ya saba ndiyo yenye mwiba:
ELEZA KWA NINI KAZI HII HAIWEZI KUFANYWA NA RAIA.

Nililiatamia swali hilo kutwa, kama kuku juu ya yai viza.
Kwa sababu inaweza.
Lisamula huranda mbao vizuri kumshinda.
Katekista Shimenga akihubiri, hata wanaume hutafuta leso.
Na mwanangu ana diploma ya useremala, imo kabatini,
na yeye yumo kitandani hadi saa nne.
Ningekuwa mimi upande ule wa dirisha
ningeuliza vivyo hivyo, pengine kwa ukali.

Jumanne tukateremka Kisumu.
Bruda alivaa tai anayoazimia harusi za watu.
Joto la ziwa likatungoja mlangoni pa ofisi,
likapanga foleni pamoja nasi.
Afisa, binti mpole, Kwamboka kwenye beji yake,
akapokea picha, akapokea risiti,
akamwonyesha kioo cha kuwekea vidole.

Kioo hakikuona kitu.
Akakifuta. "Bonyeza tena, mzee."
Akabonyeza. Kidole gumba kikatokea kwenye skrini
kitupu, cheupe, kama mwezi wa saa sita mchana.
Kingine. Kingine. Vyote kumi.
"Mzee," akacheka kidogo, "alama zako zimekwenda wapi?"
Bruda akavitazama vidole kana kwamba kaulizwa habari za ndugu.
"Ziko Shinyalu," akasema. "Milangoni."

Afisa hakuandika hilo; hakuna mahali pa kuliandika.
Akafungua ukurasa wa nyuma, akafika sehemu ya saba,
akasoma neno langu moja:
INAWEZA.

Akanitazama. Nami nikaitazama feni.
Kisha akachukua penseli, si kalamu,
akaandika pembeni tarehe ya sisi kurudi,
na Bruda, akingoja,
akainamia bawaba ya dirisha lake lililolegea
akaanza kuikaza kwa kucha.