Breki

Paluku aliutazama ukurasa wa nne,
akakuna kidevu kwa kidole chenye vumbi la makaa,
akauliza: "Na breki iko wapi?"

Sikuelewa.
Nilikuwa nimemchora akiteremka kutoka Kibumba,
magunia sita mbele, goti moja kwenye ubao wa chukudu,
shati limejaa upepo.
Nilijivunia ule upepo.

"Kipande cha mpira," akasema, "hapa nyuma,
juu ya gurudumu, unakikanyaga kwa kisigino.
Huyu mtu wako, kwenye ukurasa wa tano
ni maiti."

Basi nimehesabu: chukudu inaonekana mara thelathini na moja.
Mara thelathini na moja kipande kisichozidi ukucha,
kwa nibu iliyopinda,
kwa wino ninaouongezea chai ya rangi
maana chupa iko nusu na mwezi haujafika nusu.
Umeme wa Katindo huja saa tano usiku,
huondoka bila kuaga.

Na ukifumua pindo, jiandae kwa gauni zima.

Kurasa zangu zilikuwa visanduku tisa tisa,
vimesimama kama chupa ndani ya kreti.
Barabara inateremka, visanduku vimenyooka:
nani atahisi mteremko?
Nimechukua mkasi.
Nimevibandika upya kwa uji wa muhogo,
kimoja kikiinamia kingine,
mpaka jicho la msomaji lenyewe
litafute pa kukanyaga.

Ukurasa wa kumi na moja ndio ulionitoa jasho.
Mlima niliupa karatasi yote, pembe hadi pembe,
moto mwekundu wa kalamu niliyoazima kwa mwalimu Bahizire.
Kila aliyeufunua alisema "Aa!"
Nami niliipenda hiyo "Aa!"

Lakini usiku ule, nikikumbuka sawasawa,
hatukuutazama mlima.
Tulimtazama mama akipigana na bawaba.
Aliung'oa mlango wa libuyu,
mlango ambao deni lake lilikuwa halijaisha,
akaulaza juu ya chukudu,
mimi na sufuria tukakalishwa juu yake,
Paluku akasukuma kuelekea Sake.
"Nyumba tunajenga," alisema. "Mlango tunanunua."

Nimeupunguza mlima.
Sasa ni kisanduku kimoja, juu pembeni,
kama stempu ya barua.
Inaniuma. Moto ule ulinila siku nne.
Kwingine kote nimeacha weupe,
na katikati kisanduku kirefu, kimesimama peke yake:
ishirini kwa nane, mlango wenyewe uliogawanywa kwa kumi.
Kuupima hakukunipa taabu. Ndio huu ninaochoria,
umelala juu ya mawe manne meusi,
ndugu wa yale yaliyokula chumba chetu.
Tundu la kitasa liko chini ya kiwiko changu;
mstari ukipita hapo, nibu inazama,
ndiyo maana kila ukurasa una kovu mahali pamoja.
Nimeacha kulificha.

Mama ameuona. "Mbona sina uso?"
"Ulikuwa umetupa mgongo, mama."
"Hata hivyo. Kitambaa changu kilikuwa cha bluu."
Wino ni mweusi. Nimeandika kwa herufi ndogo,
na mshale: *bluu*.
Ameridhika nusu.

Kesho ni Birere, kwa Mushagalusa wa fotokopi,
ambaye ameshanionya kuwa mashine yake haijui kijivu,
ni nyeusi au hakuna.
Moshi wote, kwa hiyo, niurudie kwa mistari.

Usiku huu breki kumi na tisa zimekwisha.
Paluku amelala,
kisigino kimetoka nje ya shuka,
kigumu, kimepasuka upande mmoja.
Nasogeza taa.
Ya ishirini naichora nikikitazama.